Claudio Abbado na okestra alizozifundisha kusikiliza

Tarehe 8 Oktoba 1989 wanamuziki wa Berlin Philharmonic walipiga kura kumchagua mrithi wa mwongozaji wao, Herbert von Karajan. Karajan alikuwa ameishika okestra hiyo tangu 1955, akajiuzulu Aprili 1989, na Julai mwaka huohuo akafariki. Majina yaliyovuma yalikuwa ya Lorin Maazel, James Levine na Carlos Kleiber. Kura zikamwangukia Claudio Abbado, Mwitaliano wa miaka 56. Alipokutana nao kama mkuu wao mpya aliwaomba wamwite Claudio, bila cheo chochote mbele ya jina.

Ombi hilo husimuliwa kama ushahidi wa unyenyekevu wake. Unyenyekevu ulikuwepo, lakini mimi nalisoma kama mbinu ya kazi. Abbado aliamini kwamba watu mia moja jukwaani wanaweza kupiga muziki kama watu wanne wa kwarteti, kila mmoja akijua mwenzake anafanya nini na akibadilisha sauti yake kwa sababu ya kile anachokisikia. Alitumia zaidi ya miaka thelathini kuunda okestra moja baada ya nyingine ili imani hiyo ipate watu wa kuitekeleza. Anayemkumbuka kwa rekodi na uzuri wa mikono yake tu ameishika nusu ya habari. Urithi wake mkubwa uko kwenye taasisi alizozianzisha, na taasisi hizo zina gharama ambayo wanaomsifu hawapendi kuitaja.

Alizaliwa Milan tarehe 26 Juni 1933, katika nyumba iliyojaa muziki. Baba yake, Michelangelo, alikuwa mpiga fidla na mwalimu wa konsevatori ya mji huo. Mama yake alipiga piano. Kaka yake Marcello alikuja kuwa mtunzi na mkuu wa konsevatori hiyohiyo. Baada ya masomo ya Milan alikwenda Vienna kwa mwalimu wa uongozaji Hans Swarowsky, darasa moja na Zubin Mehta. Vijana hao wawili walijiunga na kwaya ya Singverein, wakaimba besi, kwa sababu mazoezi ya waongozaji wakubwa yalifungwa kwa wageni na hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuingia. Wakiwa katika safu za waimbaji waliwaona Bruno Walter, George Szell na Karajan wakiwa kazini. Milan, akiwa bado kijana, Abbado alikuwa amekwisha kuyaona mazoezi ya mwongozaji Toscanini, na ubabe wa yule mzee haukumvutia hata kidogo. Baadaye alishinda tuzo ya Koussevitzky kule Tanglewood mwaka 1958, na mwaka 1963 akawa miongoni mwa washindi wa shindano la waongozaji la Mitropoulos, New York.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, kwa sababu sifa za waongozaji huandikwa kwa maneno ya ukungu. Mkono wa kulia hutoa mapigo: katika muziki wa mapigo manne, chini, kushoto, kulia, juu. Pigo lenye uzito kuliko yote ni lile linalotangulia sauti, ambalo wanamuziki huvuta pumzi pamoja nalo. Ndani ya pigo hilo moja lazima wasome kasi, nguvu, na kama sauti ianze kwa ukali au kwa ulaini. Likiwa na utata, fidla za mbele huingia, za nyuma husubiri kuona wenzao wamefanya nini, na mwanzo wa wimbo hupasuka vipande viwili. Mkono wa kushoto una kazi nyingine: kuvuta sentensi ya muziki, kumwinua mpiga oboe, kuzipunguza ala za shaba. Waongozaji wengi, hata wenye majina, mkono wao wa kushoto huiga tu wa kulia. Wa Abbado ulijitegemea kabisa. Tena aliongoza karibu kila kitu bila kitabu cha nota mbele yake, hata opera ngumu kama *Wozzeck* ya Alban Berg, ili macho yabaki kwa watu.

Kwenye mazoezi alisema maneno machache. Alipenda kupitisha sehemu ndefu bila kukatiza, kisha kurudi mahali palipolegea, na neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa sikilizeni. Mwongozaji wa kawaida akitaka oboe isikike huzishusha fidla za pili kwa ishara ya mkono, nazo hushuka zote kwa kiasi kilekile. Abbado alitaka wapiga fidla wagundue wenyewe kwamba hawamsikii tena mpiga oboe, na wapunguze sauti mpaka wamsikie. Matokeo ya njia hizi mbili hayafanani. Ya kwanza inatoa kiwango kilichopangwa. Ya pili hurekebishwa papo kwa papo, kwa sababu ukumbi uliojaa watu hauitiki kama ukumbi mtupu wa mazoezi, na mpiga oboe hapigi vilevile kila usiku. Mwalimu yeyote wa kwaya analijua hili: sauti ya nne inayotazama mkono tu na kuisahau sauti ya kwanza itaburuza wimbo hata kama kila nota ni sahihi.

Lakini kusikilizana kwa watu mia kuna kikwazo cha kimaumbile, na hapa ndipo wanaoiga maneno ya Abbado bila kuyaelewa huanguka. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Jukwaa la okestra kubwa lina kina cha mita 15 hivi. Mpiga tromboni aliye nyuma kabisa huisikia fidla ya mbele ikiwa imechelewa kama sehemu 4 za mia za sekunde. Akipiga kwa kufuata anachokisikia, sauti yake nayo itachukua muda uleule kufika mbele, na wasikilizaji watasikia pengo la sehemu 8 au 9 za mia. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ambapo pigo zima ni nusu sekunde, pengo hilo linatosha kuufanya mwisho wa simfonia usikike kama mwangwi. Kwa hiyo wa nyuma lazima waangalie kijiti na upinde wa kiongozi wa fidla za kwanza, na wapige mapema kidogo kuliko masikio yao yanavyowaambia. Kusikiliza kwa namna ya Abbado kulimaanisha kuzijua nota za wenzako vizuri kiasi cha kutabiri watakachofanya. Hilo halipatikani kwa mazoezi matatu ya wiki moja. Linapatikana kwa watu waliopiga pamoja muda mrefu, ikiwezekana tangu ujana wao.

Alianza kuijenga kazi hiyo Milan. Alishika uongozi wa muziki wa La Scala, jumba la opera la mji huo, mwaka 1968 na akakaa huko mpaka 1986. Alifungua milango kwa wafanyakazi na wanafunzi kwa tiketi nafuu, akapeleka muziki viwandani pamoja na mpiga piano Maurizio Pollini na mtunzi Luigi Nono, na mwaka 1982 akaanzisha Filarmonica della Scala ili wanamuziki wa shimo la opera wapate pia kuishi na simfonia. *Simon Boccanegra* ya Verdi, aliyoitayarisha na mwelekezi Giorgio Strehler mwaka 1971 na kuirekodi mwaka 1977 akiwa na Piero Cappuccilli na Mirella Freni, kwangu mimi haijapata mpinzani. Sikiliza onyesho la baraza: ghasia za umati zinapokatika na Boccanegra kuanza kusihi, okestra haimsindikizi kwa nyuma, inapumua pamoja naye, na nyuzi zinasubiri mwisho wa neno kabla ya kusogea. Opera ndiyo iliyomfundisha hilo. Mwimbaji hawezi kulazimishwa pumzi.

Sasa tuje kwenye okestra alizozijenga, moja ikizaa nyingine kama ngazi. Mwaka 1978 iliundwa Okestra ya Vijana ya Jumuiya ya Ulaya, Abbado akiwa mkurugenzi wake wa kwanza wa muziki. Vijana walichujwa katika nchi wanachama, wakaishi pamoja kwa wiki kadhaa za mazoezi, wakazunguka kufanya matamasha. Kasoro yake ilijitokeza mapema: umri ukifika, kijana anatoka, na kile alichojifunza kinatawanyika katika okestra ishirini tofauti. Waliotoka hawakukubali kutawanyika. Mwaka 1981 wakaunda Chamber Orchestra of Europe, na Abbado akawa mshauri wao wa sanaa. Ni okestra hiyo aliyoitumia Pesaro mwaka 1984 kufufua *Il viaggio a Reims*, opera ya Rossini iliyokuwa imepotea kwa zaidi ya karne. Ukiisikiliza rekodi yake utaelewa kwa nini alitaka vijana waliokua pamoja: waimbaji wakuu zaidi ya kumi, mwendo wa kasi, na hakuna anayemwangukia mwenzake.

Kasoro ya pili ilikuwa ya kisiasa. Okestra ya Jumuiya ya Ulaya ilichukua vijana wa nchi wanachama tu, na wa Prague au Budapest hawakuwa na mlango. Mwaka 1986 Abbado alianzisha Gustav Mahler Jugendorchester huko Vienna, ikawaweka vijana wa Austria pamoja na wa Chekoslovakia na Hungaria miaka mitatu kabla ya Ukuta wa Berlin kuanguka. Ukomo wa umri ni miaka 26, na historia ikajirudia: mwaka 1997 wahitimu wake waliotaka kuendelea wakaunda Mahler Chamber Orchestra, wanaojiendesha wenyewe kwa kiasi kikubwa. Kila hatua ya ngazi ilizaliwa na watu waliokataa kuachana. Mpango huu haukuandikwa na mtu mmoja ofisini. Kazi ya Abbado ilikuwa kuweka jina lake, kutafuta fedha kwa jina hilo, na kukubali kuja kuongoza wakati angeweza kulipwa zaidi kwingine.

Katikati ya ngazi hiyo ndipo ilipokuja miaka ya Berlin, 1990 hadi 2002, na hapo hadithi si nyepesi. Okestra aliyoirithi ilikuwa na sauti nzito, pana, iliyoshonwa na Karajan kwa miaka 34. Alikuta wanamuziki waliozoea kuambiwa, naye hakuambia. Wengine walilalamika kwamba mazoezi yake hayana mpangilio, kwamba anasema kidogo mno, kwamba usiku wa tamasha anafanya jambo ambalo halikufanyiwa mazoezi. Sidhani malalamiko hayo yalikuwa ya uonevu. Njia yake inamdai mwanamuziki afanye kazi ambayo kwingine hufanywa na mwongozaji, na mtu ambaye hakuiomba kazi hiyo ana haki ya kuuona ukimya kama uvivu. Februari 1998 alitangaza kwamba mkataba wake ukiisha mwaka 2002 hataendelea, jambo ambalo halikuwa desturi kwenye kiti ambacho watu walikishika mpaka uzee au kifo.

Hata hivyo aliibadilisha. Wengi wa kizazi cha Karajan walistaafu katika miaka yake, na nafasi zao zikachukuliwa na vijana. Aliunganisha misimu kwa mada, kama vile Faust na Shakespeare, hivyo Schumann na watunzi wa karne ya 20 wakakaa meza moja. Kwa simfonia za Beethoven alitumia chapa mpya ya nota ya mhariri Jonathan Del Mar, iliyosafisha makosa ya wachapaji ya karne nzima, na akapunguza idadi ya ala za nyuzi. Hatua hiyo ya mwisho inaonekana ndogo, lakini ukiondoa wapiga fidla kadhaa, filimbi mbili na klarineti mbili hazihitaji tena kusukuma sauti ili zisikike, na mwendo wa kasi alioutaka Beethoven unawezekana bila kuwa tope. Mrithi wake, Simon Rattle, alipoingia mwaka 2002 alikuta okestra nyepesi iliyokubali kujadiliana. Hiyo ilikuwa kazi ya Abbado, na alilipia kwa kuonekana dhaifu akiwa bado yumo.

Mwaka 2000 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo. Alirudi jukwaani amekonda sana, na wengi walidhani yaliyobaki ni kuaga tu. Badala yake, mwaka 2003, pamoja na Michael Haefliger aliyeliendesha tamasha la Lucerne, Uswisi, aliunda okestra ya tamasha hilo. Kiini chake kilikuwa Mahler Chamber Orchestra, watu aliowajua tangu utoto wao wa kimuziki. Juu ya kiini hicho waliketi watu ambao kwa kawaida hupiga peke yao au huongoza safu kwingine: Sabine Meyer kwenye klarineti, Natalia Gutman kwenye selo, Kolja Blacher akiongoza fidla, Wolfram Christ kwenye viola, Reinhold Friedrich kwenye tarumbeta, na wapigaji wa kwarteti ya Hagen ndani ya safu. Hakuna aliyekuwa na ajira ya kudumu hapo. Walikuja wakati wa likizo zao kila kiangazi, kwa sababu walitaka.

Simfonia ya 9 ya Mahler waliyoipiga Agosti 2010 inaonyesha kilichopatikana. Ukurasa wa mwisho, wenye baa 27 (vipande vya mapigo), umeachiwa nyuzi peke yake, na Mahler ameandika hapo kwamba sauti ife polepole. Kwa mpiga ala ni mtihani wa mkono. Sauti ndogo kabisa huhitaji upinde uende taratibu, uzito wake uondolewe, na usogee karibu na ubao wa vidole. Ukienda polepole kupita kiasi sauti hukatika, ukiharakisha, inapaa. Mkono wenye hofu hutetemeka, na mtetemeko husikika mpaka viti vya mwisho. Safu nzima ikigeuza upinde kwa wakati mmoja, shimo hutokea katikati ya nota ndefu, kwa hiyo kila mmoja lazima ageuze kwa wakati wake, na ajue jirani yake atageuza lini. Mwongozaji hawezi kuonyesha lolote kati ya haya kwa kijiti. Anaweza tu kuhakikisha mwendo hauvunjiki na kuwaamini wapiga viola, ambao ndio wenye nota za mwisho zinazosogea. Ilipokwisha, ukumbi ulikaa kimya karibu dakika mbili kabla ya makofi ya kwanza.

Ushahidi mwingine ulikuja baada ya kifo chake, kilichotokea Bologna tarehe 20 Januari 2014. Aprili mwaka huo okestra ya Lucerne ilimkumbuka kwa kupiga mwendo (sehemu kuu) wa kwanza wa *Simfonia Isiyokamilika* ya Schubert bila mwongozaji. Mwendo huo huanza kwa selo na besi kubwa peke yake, kwa sauti ya chini sana, baa nane nzima kabla ya fidla kuingia, kisha oboe na klarineti hushika wimbo mmoja kwa pamoja. Hakuna pigo zito la kujishikiza. Okestra nyingi nzuri zingeupiga bila ajali, kwa tahadhari. Hawa waliupiga kama watu wenye la kusema.

Wapo wanaosema kwamba hili ni rahisi ukipewa wapigaji bora wa Ulaya. Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli. Wapigaji bora wakikusanywa kwa wiki moja, mara nyingi hutoa muziki safi usio na uhai, kila mmoja akiilinda sauti yake. Tofauti ya Lucerne ilikuwa ile ngazi iliyoanza mwaka 1978. Lakini upande wa pili wa pingamizi ni kweli tupu: fedha. Orchestra Mozart, aliyoiunda Bologna mwaka 2004 na ambayo chini yake ziliendeshwa kazi za muziki hospitalini na kwaya ya gereza la Dozza, ilisitisha shughuli Januari 2014 kwa kukosa fedha, siku chache kabla hajafa, na ikarejea mwaka 2017 tu. Alipoombwa kurudi La Scala alitaka alipwe kwa miti 90,000 ipandwe Milan, na watu wakaipenda habari hiyo. Okestra yake haikulipwa kwa miti. Ilihitaji tiketi za treni, hoteli, posho na mtu wa kupanga ratiba, na fedha hizo zilikuja kwa sababu ya jina lake, si kwa sababu ya muundo ambao ungeweza kusimama bila yeye. Hilo ndilo kosa kubwa ninaloliona katika kazi yake ya ujenzi. Okestra zilizojiendesha zenyewe, kama Mahler Chamber Orchestra, zilivuka kifo chake bila kutetereka. Zilizomtegemea yeye zilikwama.

Lucerne ilipata njia ya kati. Mwaka 2016 ilikabidhiwa Riccardo Chailly, aliyewahi kuwa msaidizi wa Abbado La Scala, naye akaanza na Simfonia ya 8 ya Mahler, ile pekee ambayo Abbado hakuipiga kwenye mfululizo wake huko. Watu waliona heshima, na ilikuwa heshima. Mimi nilivutwa zaidi na tukio la Mei mwaka huohuo, ambalo wapenzi wa muziki wengi hawakuliunganisha na Lucerne: Okestra ya Vijana ya Umoja wa Ulaya, ileile ya 1978 kwa jina jipya, ilitangaza kwamba itafungwa kwa sababu fedha za Umoja zimekatwa. Wanamuziki wa zamani na wa sasa walipiga kelele, na ndani ya wiki chache Tume ya Ulaya ikatafuta njia ya kuinusuru. Anayetaka okestra nyingine kama ya Lucerne aanze kwa kuangalia bajeti ya okestra hiyo ya vijana: nani anailipia, kwa miaka mingapi mbele, na kijana anayemaliza umri wake leo anakwenda wapi kesho.